Mtumbwi wa Madawati

Januari hii, saa tatu asubuhi, mwalimu mmoja kijana wa pale Kashai alinipigia simu akiwa amejifungia stoo ya madaftari. Alikuwa na siku tatu tu kazini. Nyuma ya sauti yake nilisikia kilio cha darasa zima, kile kinachopanda mtoto mmoja akianza na kushuka wote wakiishiwa pumzi.

"Shikamoo, mwalimu. Wananilia wote. Nifanyeje?"

"Marahaba. Kwanza toka stoo," nikamwambia. "Wanalia kwa sababu hawajui mama zao wamekwenda wapi. Sasa na mwalimu naye hawajui amekwenda wapi."

Akacheka huku analia, akatoka. Jioni alinipigia tena, tukaongea mpaka masikio yakapata moto. Binti yangu, ninayeishi naye hapa Bakoba, Bukoba mjini, tangu nistaafu, akaniambia, "Baba, si uyaandike tu haya mambo? Kila Januari simu yako haipumziki." Basi ndiyo haya. Nawaandikia ninyi walimu mnaoanza kufundisha darasa la awali, hasa mnaolianza kwa kununa, maana na mimi nililianza nimenuna.

Jina langu Novatus. Miaka yangu ya mwanzo yote nilifundisha hisabati darasa la saba katika shule moja ya kijijini Muleba, na nilikuwa najisikia. Tena sana. Mnatujua Wahaya, hatuhitaji kusukumwa katika jambo hilo. Suruali imepigwa pasi hadi mkunjo unakata, kalamu tatu mfuko wa shati, na fimbo ambayo wanafunzi walikuwa wameipa jina la ubatizo. Halafu Januari moja mwalimu wa awali akahamishwa, na mwalimu mkuu akaniita ofisini akaniambia nishike darasa lile kwa muda. Nilimuuliza nimekosa nini. Akasema sijakosa kitu. Sikumwamini.

Wenzangu walicheka wiki nzima. "Ta Novati amekuwa yaya," walisema. (Ta ndiyo heshima yetu kwa mwanamume, kama Ma ilivyo kwa mwanamke, lakini siku ile heshima sikuisikia.) Mke wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kama nitaendelea na suruali au aniazime khanga.

Siku ya kwanza niliingia na fimbo yangu. Watoto thelathini na sita, karibu wote wamekaa kwenye mikeka, mama zao nimewafukuza getini kwa ukali. Nikasema, "Simameni!" kwa sauti ileile ya darasa la saba. Hakuna aliyesimama. Hawakujua "simameni" ni nini. Nyumbani kwao ni Kihaya kuanzia asubuhi mpaka sala ya jioni. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Mmoja akajikojolea. Wa pembeni yake akaona mkojo unamfuata, akapiga yowe, na wengine wakaona yowe lile lina maana. Nilipogeuka kufunga mlango, watatu walishapita dirishani na wapo kwenye migomba ya jirani wanakimbilia kwao.

Aliyeniokoa ni Ma Koleta, mwalimu wa darasa la kwanza, chumba cha pili. Mwanamke mfupi, mpole, sauti yake haivuki dawati la pili, na hakuna mtoto aliyewahi kumshinda. Aliingia, akanitazama, akanitazama tena, akaichukua fimbo mkononi mwangu, akatoka nayo. Nilifikiri amekwenda kuificha. Kumbe alimpelekea mpishi wa uji, na uji wa siku ile uliiva kwa fimbo yangu. Sijawahi kuwa na fimbo nyingine.

Alinifundisha kazi hii huyo mama, na maneno yake mengi yalikuwa ya kunisema. "Ta Novati, urefu wako unawatisha. Shuka." Basi nikajifunza kuchuchumaa, na mkunjo wa suruali ukafa wiki ileile. "Usimwambie mtoto mama yake anakuja sasa hivi wakati haji. Mwambie anakuja baada ya uji na baada ya wimbo." Nikafanya hivyo, na nikagundua kwamba mtoto wa miaka mitano anaweza kuvumilia jambo lolote akijua linaishia wapi. Siku ya pili nikawarudisha mama zao ndani, wakae nyuma kwenye mkeka. Siku ya tatu wakabaki wachache. Wiki ya pili alikuwa amebaki mmoja, na huyo nadhani alikuwa anafuata nyimbo.

Sikuwa mwepesi wa kusikia, msidhani. Ma Koleta alinionya nisiwape maharage ya kuhesabia wiki za mwanzo, nikaona ananidharau, mimi mtu wa hisabati. Nikawapa. Kabla hawajafika tano, kijana mmoja anaitwa Mugisha alikuwa ameingiza harage puani, na lilikuwa limekwenda mbali. Nikataka kumbeba mbio kwenda zahanati. Ma Koleta akaja, akamfunga pua ya upande wa pili kwa kidole, akamwambia apulize kama anazima mshumaa kwa pua. Harage likatoka likagonga ubao. Darasa zima likashangilia, na Mugisha akataka kurudia. Tangu siku hiyo tulihesabia kokwa za maparachichi, na nendeni mkahesabie hizo na ninyi.

Tena kulikuwa na misumari. Huyo mama alinifanya nipigilie ubao mrefu ukutani, kimo cha kifua cha mtoto, na juu yake misumari thelathini na sita, kila mtoto wake, na picha juu yake: wa huyu kuku, wa yule jembe, wa yule sufuria. Mtoto akiingia anatafuta picha yake, anatundika mkoba. Niliona upuuzi. Nilipigilia kwa hasira, ndiyo maana baadhi ilipinda. Lakini wiki ya kwanza haikuisha kabla sijawaona wanasukumana asubuhi wawahi misumari yao, na aliyetundika mkoba alikuwa halii tena, au analia kidogo tu kwa ajili ya heshima. Siku hizi mna makona ya kujifunzia yenye picha za kuchapwa, mna hata kundi la wasapu la kuonyeshana, vizuri sana. Msiache misumari.

La mwisho alilonifundisha Ma Koleta ndilo lililonitia matatani. "Wiki hizi za mwanzo ongea nao Kihaya," aliniambia. "Mtoto anayelia humbembelezi kwa lugha ya kitabuni. Kiswahili utakiingiza polepole." Alikuwa sahihi kwa watoto thelathini na watano.

Wa thelathini na sita aliitwa Kemilembe. Tulimwita Kemi. Baba yake, Anatory, ni mtoto wa kijiji chetu aliyekwenda kisiwa cha Goziba kuvua akiwa kijana, akaoa hukohuko kambini mwanamke wa Kisukuma. Kemi alizaliwa kisiwani. Alipotimiza miaka mitano, Anatory alimleta kwa mama yake, Ma Paskazia, ili asome, kwa sababu pale walipokuwa wamepiga kambi shule ilikuwa mbali. Siku ya kuandikisha alinivuta pembeni.

"Mwalimu, nikuambie ukweli. Mama yake hakutaka aje. Analia mpaka leo. Nimemwahidi kwamba mtoto asipozoea namrudisha. Narudi mwisho wa wiki ya nne. Nikimkuta amezoea, anabaki. Nikimkuta hajazoea, naondoka naye."

"Atazoea," nikamjibu, kwa majivuno yangu ya darasa la saba.

Kemi hakuingia darasani. Alifika kila asubuhi na bibi yake, akasimama nje ya kizingiti, mkoba mgongoni, mikono imeshika kamba za mkoba, na hapo alibaki mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mvua ikinyesha anasogea chini ya upenu. Jua likija anarudi pale pale. Hakulia hata siku moja, na ningeshukuru angelia, maana kilio nilishajifunza kukitibu. Msumari wa tano kutoka mlangoni ulikuwa wake. Nilimchorea samaki kwa mkono wangu nikidhani atafurahi. Ulikaa mtupu.

Nilifanya kila nililojua. Nilichuchumaa mbele yake nikamwambia kwa Kihaya kitamu kabisa, "Ija hanu, mwana wange," yaani njoo hapa, mwanangu. Kila asubuhi nilianza na hilo. Nikamsimulia visa vya sungura, nikamwimbia, nikamuuliza habari za bibi, za mbuzi, za migomba. Nikampa ndizi mbivu. Ndizi aliipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaila, akaendelea kusimama. Alinitazama usoni muda wote, macho makavu, kama mtu anayesubiri nimalize.

Nikamwita bibi yake. "Hata nyumbani ananitazama tu, waitu," Ma Paskazia akasema, na "waitu" kwetu ni kama "jamani". "Nikimwambia kaa, anasimama. Nikimwambia lete maji, analeta kuni. Nadhani ana shida ya masikio." Ma Koleta akaja naye akajaribu, kwa Kihaya chake laini kinachoweza kumtoa nyoka shimoni. Hakuna kitu. Tukakaa watu wazima watatu tukajadili kumpeleka Bukoba mjini akapimwe. Watatu wote tuna akili timamu, wawili tuna vyeti vya ualimu.

Na mimi nilikuwa siwezi kulala vizuri. Nawaambia wazi, nilikuwa nimeshafaulisha watoto wengi darasa la saba na nikapongezwa mbele ya wazazi, lakini sikuwahi kumtaka mtu afaulu kama nilivyomtaka yule mtoto avuke kile kizingiti. Akirudi kambini, nani angemleta tena? Hiyo ndiyo ingekuwa shule yake yote: wiki nne za mlango.

Jumatano ya wiki ya tatu, wakati wa mapumziko, nilikaa kwenye ngazi ya darasa nashona wavu wa goli. Vijana wa darasa la saba walikuwa wameutoboa, na mimi nilikuwa pia mwalimu wa michezo. Nilikuwa na kamba ya nailoni, nafunga fundo moja, linafunguka, nafunga jingine, linafunguka, natukana kimoyomoyo. Kemi alikuwa amesimama pale pake nyuma yangu.

"Siyo hivyo."

Niligeuka kutafuta mtu mzima aliyesema.

"Hilo fundo linafunguka. Lete," akasema Kemi.

Akaninyang'anya kamba. Kweli alinyang'anya. Vidole vile vidogo vikapita juu, vikazunguka chini, vikavuta, na fundo likakaa. Akafunga la pili. La tatu akalikaza kwa meno.

"Kemi," nikasema kwa Kiswahili, "kumbe unaongea?"

"Naongea."

"Mbona siku zote uko kimya?"

"Nyie mnaongea maneno yenu. Mimi siyajui."

"Na bibi?"

"Bibi naye anaongea hayohayo." Akavuta uzi. "Nilikuwa nangoja mmalize."

Wiki mbili na nusu! Wanangu, chekeni mchekavyo, hamjafikia nilivyojicheka mimi baadaye, lakini dakika ile nilitaka ardhi inifiche. Jina la Kihaya, bibi Mhaya, sura ya babu yake tupu, tukaona imetosha. Sisi watu wa kwetu tunaamini Kihaya ni kitu mtu anazaliwa nacho, pamoja na masikio. Kambini Goziba watu wametoka kila upande wa ziwa, na wote wanaelewana kwa Kiswahili. Baba yake naye hakutuambia, kwa sababu alijua shuleni watu wanaongea Kiswahili, na kwa karatasi alikuwa sahihi. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa anajua lugha ya shule kuliko darasa zima ndiye tuliyemsimamisha nje. Hakuna aliyekuwa amemuuliza swali dogo kuliko yote.

Nikakimbia kwa Ma Koleta, na mimi siyo mtu wa kukimbia. Alisikiliza, akaweka chaki mezani, akakaa chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza:

"Zimebaki siku ngapi?"

"Saba za shule."

"Basi nenda ukamkaribishe mtoto wa watu."

Nikarudi, nikachuchumaa. "Karibu ndani, Kemi." Akavuka kizingiti mara moja, bila mbwembwe, kama mtu aliyekuwa amecheleweshwa na mwenyeji. Akapita mbele ya misumari, akaisoma picha yake.

"Samaki gani huyu?"

"Sangara," nikasema.

"Huyu siyo sangara." Na mkoba hakuutundika.

Msidhani yaliishia hapo. Mimi na yeye tulikuwa tunaelewana, lakini darasa lilikuwa halimwelewi. Akisema kitu wanacheka, wakisema kitu anakunja uso. Alhamisi mchana nikamkuta tena kwenye kizingiti, safari hii upande wa ndani, mgongo kwa wenzake. Nilijaribu kuwa mkalimani, nikachoka. Nilitaka hata kuandika maneno ubaoni wakariri. Ma Koleta akanitazama tu, nikaufuta ubao.

Ijumaa ikanyesha mvua kubwa, ile ya ziwani inayokuja bila kupiga hodi. Hakuna kutoka nje. Kulikuwa na madawati mawili marefu ya zamani nyuma ya chumba, nimeyapindua ili nifagie. Yalilala miguu juu, yanaelekeana. Kemi akayatazama kwa muda mrefu.

"Mtumbwi," akasema.

Akaingia katikati, akasimama mbele, akanyoosha mkono. "Pandeni!"

Hakuna aliyeelewa. Akamshika Mugisha kwa mkono wa sweta, yule wa harage, akamwingiza, akamkandamiza mabega. "Kaa!" Mugisha akakaa. Akaingiza wa pili. Wa tatu akaja mwenyewe. Akampa huyu ufagio, huyu rula kubwa ya ubaoni, akawaonyesha. "Vuta! Vuta!" Wakavuta. Akashika kikombe cha uji, akachota hewa sakafuni akamwaga nje. "Toa maji! Tunazama!" Neno la kuzama hawakulijua, lakini uso wake ulitosha, na darasa zima likaanza kutoa maji kwa vikombe, kwa viganja, mmoja kwa kiatu. Mimi nilisimama na fagio lingine mkononi sijui niliweke wapi.

Jumatatu walifika wanakimbilia mtumbwi kabla ya misumari. Na Kemi alikuwa na sheria zake. Bila sweta hupandi, kwa sababu sweta ndiyo jaketi la kuokolea. Mtumbwi unachukua kumi. Aliwahesabu wakipanda, akiwagusa vichwani, moja, mbili, tatu, na wao wakahesabu naye, kwa sababu kila mmoja alitaka kujua kama atafikiwa. Ikitimia kumi anainua mkono. "Chombo kimejaa! Subirini kingine!" Waliobaki wakasubiri mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, yaani kwenye mkeka, bila kugombana. Mimi niliyeshindwa kuwasimamisha kwa "simameni", nikawaona wanasimama, wanakaa, wanapanda, wanashuka na kuvuta kwa neno la mtu wa miaka mitano.

Hisabati yangu ikanisuta. Nikampima. "Kemi, mko thelathini na sita. Nahodha ni wewe, wamebaki thelathini na watano. Umekwenda mara tatu na kumikumi. Hawa watano je?"

Hakufikiri hata kidogo. "Watapanda na mizigo."

Mwalimu mkuu alikuja kuuliza kwa nini darasa la awali lina kelele za mwaloni. Alisimama dirishani akasikiliza. "Angalau ni Kiswahili," akasema, akaenda zake. Ni yeye aliyekuja mwisho wa mwaka ule kunirudishia darasa langu la saba, na mimi nikalikataa. Alifikiri natania. Nilibaki na watoto wa awali mpaka nilipostaafu, na waliosema Ta Novati ni yaya waliniletea wajukuu zao mmoja mmoja, wakisimama getini kwa unyenyekevu.

Lakini siku zile nilipokuwa nashangilia, Ma Koleta alikuwa ananitia baridi. "Ta Novati, usishangilie. Mkoba bado uko mgongoni."

Ilikuwa kweli. Kemi aliendesha mtumbwi na mkoba mgongoni. Alikunywa uji na mkoba mgongoni. Nilipomwambia autundike alisema, "Baba anakuja." Hakusema kwa huzuni wala kwa furaha. Alikuwa amesikia maneno ya baba yake siku ya kuandikishwa, yale niliyodhani tumeyasema pembeni. Kumbukeni hilo: mtoto yupo hata mnapodhani mmemvuta mtu pembeni.

Anatory hakuja Ijumaa kama alivyoahidi. Alikuja Alhamisi, siku moja kabla. Niliwaona kupitia dirisha wanapanda kilima, yeye na Ma Paskazia, na Ma Paskazia amebeba kifurushi kichwani. Nilijua kilichomo. Zilikuwa nguo za mtoto. Bibi wa watu, tangu nimweleze, alikuwa amejitahidi kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, lakini nyumbani Kemi alikuwa bado anamtazama tu, na kwa hesabu za bibi mtoto alikuwa hajazoea.

Walifika mlangoni tukiwa katikati ya safari. Sikuwakaribisha. Niseme ukweli, niliogopa nikifungua mdomo mambo yataharibika. Anatory akasimama palepale kwenye kizingiti, mahali penye alama ya viatu vya binti yake.

Watoto kumi wanavuta makasia. Kemi amesimama mbele, mkoba mgongoni, anapiga kelele. "Vuta! Vuta! Toa maji! Mugisha, kaa, utatuzamisha!" Mwaloni wanangoja wengine wamevaa sweta. Kisha mtumbwi ukafika, wengine wakaanza kupanda, ikaja zamu ya Byera, mtoto mdogo kuliko wote, aliyeogopa kuvuka ubao wa dawati. Akasimama, mdomo ukaanza kutetemeka. Kemi akashuka kutoka mbele ya mtumbwi. Akachuchumaa mbele yake. Akamnyooshea mkono, na kwa sauti yangu mimi, upole wangu wote na hata kukohoa kwangu, akasema:

"Ija hanu, mwana wange."

Byera akapanda.

"Waitu!" Ma Paskazia akapiga makofi, na kifurushi kikamdondoka kutoka kichwani. Asubuhi zote zile nilizodhani namwimbia jiwe, mtoto alikuwa anayaweka maneno yangu.

Kemi akageuka akamwona baba yake. Hakukimbia. Akainua mkono kama kawaida.

"Baba, chombo kimejaa. Subiri kingine."

Na Anatory, mvuvi wa Goziba mwenye mikono kama makasia, akasubiri. Akasimama pale kwenye mlango, kofia mkononi, mpaka mtumbwi ulipofika. Watoto wakashuka wanajifuta maji ambayo hayapo.

"Mmefika wapi?" akauliza.

"Goziba."

Akanitazama, akamtazama mwanawe. "Basi, mama. Umeshafika Goziba. Tunabaki huko, au unarudi huku shuleni?"

Kemi akawatazama wale kumi, mmoja baada ya mwingine, na wengine waliokuwa bado kwenye mkeka. Uso ukamkunjika kama mtu anayeulizwa swali la kijinga.

"Nani atawarudisha hawa? Hawajui kuogelea."

Akavua mkoba. Kamba ya kwanza, kamba ya pili. Ulikuwa umemwachia alama za jasho mabegani. Akampa baba yake.

"Nishikie," akasema. "Tundika pale, kwenye yule samaki ambaye siyo sangara."

Akarudi mbele ya mtumbwi akaanza kuhesabu watu. Anatory akavua ndala, akavuka kizingiti, akapita pembeni mwa ukuta polepole asiwasumbue abiria, akihesabu misumari kwa kidole. Wa tano ulikuwa mmojawapo wa ile niliyoipinda kwa hasira. Ilibidi atundike mara mbili ndipo mkoba ukakaa.